Mkono na Chombo Chake: Habari za Bastola za Kulenga Shabaha

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Neno hili ni kweli, na wengi wetu tumelitumia kuwakemea wavivu waachao shamba wakazunguka madukani kutafuta jembe la ajabu. Walakini kila mkulima ajua pia ya kwamba mpini mnene mno hutoa malengelenge, na mpini mfupi huumiza mgongo. Basi je, ushindi hutoka katika chombo, ama hutoka katika mkono? Mwezi huu twataka kulipima swali hilo kwa historia ya mchezo ambao wengi wa wasomaji wetu hawajauona, yaani mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola ijipakiayo yenyewe.

Labda mtu atauliza, "Wakristo wana nini na bastola?" Twamjibu ya kwamba hatusifu silaha ya kumwua mtu. Nabii Isaya alitabiri siku ambapo panga zitafuliwa ziwe majembe, na sisi twaingojea siku hiyo. Lakini katika mchezo huu adui ni karatasi yenye duara, na anayeshindwa hurudi nyumbani salama akawasalimu watoto wake. Tena ndani yake imo habari ya mtu mmoja ambayo yafaa kusimuliwa kwa vijana wetu.

Michezo ya Olimpiki ilipofufuliwa mjini Athene mwaka 1896, kulenga kwa bastola kulikuwa miongoni mwa mashindano. Wakaja ndugu wawili wa Kimarekani, John na Sumner Paine. Kwa kuwa hawakujua ni silaha za namna gani zitakazokubaliwa, walichukua za namna mbalimbali. Na kweli, si bastola zao zote zilizokubaliwa. Lakini walikuwa nazo nyingine, zile za mtungi unaozunguka, na kwa hizo, katika shindano la bastola za kijeshi, John akawa wa kwanza na Sumner wa pili. Kisha John hakuingia katika shindano la bastola lililofuata, na nduguye akalishinda. Hapa twaona sheria ya kwanza ya kuchagua: ijue kanuni ya mchezo kabla hujatoa fedha yako, maana chombo kizuri kilichokatazwa ni mzigo mtupu.

Wakati ule bastola ijipakiayo yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza izaliwe. Hugo Borchardt aliitengeneza moja mwaka 1893 huko Ujerumani. Georg Luger akaigeuza na kuifanya bora, na mwaka 1900 jeshi la Uswisi likaikubali. Huko Marekani bastola ya John Browning ilikubaliwa na jeshi mwaka 1911. Namna yake ya kazi ni hii. Mtu afyatuapo, nguvu ya baruti huisukuma risasi mbele, tena hukisukuma kipande cha nyuma cha bastola. Kipande kile hulitupa nje ganda tupu. Kisha springi hukirudisha mbele, nacho hutwaa risasi mpya kutoka katika ghala ndogo, ambayo mara nyingi imo ndani ya mpini. Lakini bastola haitalia tena mpaka mtu avute kifyatulio mara nyingine.

Kwa nini wachezaji waliipenda? Sababu ni wakati. Katika shindano la kupiga upesi, shabaha tano husimamishwa safu moja, umbali wa mita 25. Mchezaji husimama, mkono wake umeinamishwa chini. Ishara itokeapo huinua mkono na kupiga kila shabaha risasi moja: kwanza kwa sekunde 8, halafu kwa sekunde 6, mwisho kwa sekunde 4. Mwenye bastola ya mtungi, ambaye kila mara yampasa kuvuta nyundo kwa kidole gumba, huivuruga shabaha yake kila avutapo. Mwenye bastola ijipakiayo huuacha mkono wake utulie, akahamisha macho tu.

Basi mafundi wakaanza kutengeneza bastola kwa ajili ya mchezo peke yake. Waliacha risasi kubwa za jeshi, wakatumia zile nyembamba za milimita 5.6, kwa sababu hazirushi mkono sana, nao mkono usiporuka hurudi upesi penye shabaha. Nyumba ya Walther ya Ujerumani ilitengeneza bastola yake kwa ajili ya Michezo ya Berlin ya mwaka 1936, na Wajerumani wakatwaa nafasi ya kwanza na ya pili.

Mwaka ule huko Hungaria palikuwa na sajini mmoja wa jeshi, jina lake Károly Takács, aliyezaliwa Budapest mwaka 1910. Alikuwa mlengaji hodari, lakini alinyimwa nafasi ya kwenda Berlin kwa kuwa yeye ni sajini, na nafasi zile ziliwekwa kwa maofisa tu. Baadaye katazo lile likaondolewa, naye akatazamia michezo ya mwaka 1940. Kumbe, mwaka 1938, katika mazoezi ya jeshi, bomu la mkono lenye kasoro likamlipukia mkononi na kuuharibu mkono wake wa kulia, mkono ule ule aliolengea.

Tufikiri kidogo. Mtu huyu angeweza kununua bastola bora kuliko zote duniani, nayo isingemfaa kitu. Alikaa hospitali muda wa mwezi mmoja. Alipotoka akaanza kujifundisha kwa siri kulenga kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1939 alitokea katika mashindano ya taifa lake. Yasimuliwa ya kwamba wenzake walimwendea kumpa pole, wakidhani amekuja kutazama. Naye akawaambia amekuja kushindana nao. Akawashinda. Mwaka huo huo alikuwamo katika kundi la Hungaria lililoshinda ubingwa wa dunia.

Ndipo vita vikaja. Michezo ya 1940 haikuwako, wala ya 1944. Takács alingoja mpaka mwaka 1948 mjini London, akiwa na umri wa miaka 38. Bingwa wa dunia, Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, yasemekana alimwuliza amekuja kufanya nini, naye Takács akajibu kwamba amekuja kujifunza. Hesabu ilipofungwa, Takács alikuwa na pointi 580 katika 600, rekodi mpya ya dunia, na Valiente 571. Husimuliwa kwamba bingwa yule alimpongeza akisema amekwisha kujifunza vya kutosha. Mwaka 1952 mjini Helsinki Takács akashinda tena, kwa pointi 579, akimpita Mhungaria mwenzake Szilárd Kun kwa pointi moja tu.

Je, tuseme basi ya kwamba chombo si kitu? La. Mpini uliochongwa kwa ajili ya kiganja cha kulia humkataa mwenye shoto, kama kiatu cha mguu mwingine. Anayechagua na aishike bastola, afumbe macho, ainue mkono, kisha afumbue: ikiwa alama za kulengea zimesimama sawa bila kukunja kifundo cha mkono, bastola ile yamfaa. Atazame pia uzito, maana nyepesi mno hutetemeka na nzito mno huchosha. Kifyatulio, kiachie bila kukwaruza. Na risasi, kwa kuwa bastola hizi huchagua: moja hula risasi za kila fundi, nyingine hukwama kwa zisizoipendeza, na kukwama mara moja katika sekunde 4 ni kushindwa. Kanuni za siku hizi zataka bastola ya shindano hili isizidi gramu 1,400, na kifyatulio kisivutike kwa nguvu iliyo chini ya gramu 1,000. Kanuni hizo zipo ili fundi asimshindie mchezaji. Na juu ya yote, bastola ikae tupu mpaka amri itolewe, mdomo wake ukielekea shabaha daima, na kidole kikae nje ya kifyatulio.

Wasomaji wetu wakumbuka Daudi alipovikwa mavazi ya vita ya Sauli. Hakuyadharau, aliyavua kwa sababu hakuyazoea, akachukua kombeo alilolijua tangu machungani. Na katika kitabu cha Waamuzi twasoma habari za watu mia saba wa Benyamini, wenye shoto, ambao waliweza kuulenga unywele kwa jiwe wasiukose. Sauli alikuwa na chombo kizuri kisichomfaa kijana yule. Daudi alikuwa na chombo duni kilichozoea mkono wake.

Kwa hiyo methali yetu yasimama, ila tuielewe vema. Haikemei kuchagua, yamkemea anayechagua siku zote asilime hata siku moja. Chagua jembe likufaalo, asubuhi moja yatosha. Siku zilizobaki ni za kulima. Na ikiwa mkono mmoja umevunjika, usikimbilie kusema kwamba shamba limekwisha. Utazame kwanza ule wa pili.