Historia ya Masama: Ndizi, Mnada na Msafara wa Desemba

Ukitoka Moshi kwenda Arusha, ukishavuka daraja la Kikafu, haupiti muda unafika Kwa Sadala. Hapo ndipo abiria wa Masama wanaposhuka na kutafuta gari la juu. Upande wa mlima, njia hupanda kati ya migomba na mibuni hadi karibu na msitu wa Kilimanjaro. Upande wa pili nchi huteremka kwenye tambarare yenye joto na vumbi, hadi Rundugai. Kata tano zinabeba jina hilo: Masama Mashariki, Magharibi, Kati, Kusini na Rundugai, zote za wilaya ya Hai. Saa moja asubuhi wa juu amevaa sweta, wa chini keshatafuta kivuli.

Watalii wengi wa kigeni huipita Masama ya juu. Ndege zao hutua KIA, uwanja uliofunguliwa mwaka 1971 katika wilaya hiihii. Kisha magari huwapeleka lango la Machame au Marangu, na wanaotaka maporomoko hupelekwa Materuni. Masama haikupata lango la mlima. Mgeni wake mkubwa ni mwenyeji wake mwenyewe, yule anayeishi Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi na kurudi mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo historia ya matembezi, vyakula na sikukuu za hapa ni historia ya kuondoka na kurudi.

Kuondoka kulianzia kwenye kihamba, shamba la urithi la familia. Wazee walipanda mringaringa na mfuruanje kwa kivuli, migomba chini yake, na baadaye kahawa chini ya migomba, kisha magimbi na maharage pale palipobaki nafasi. Maji waliyashusha kutoka mtoni kwa mifongo waliyoichimba kwa mikono kabla Mjerumani hajafika. Mpaka ulioteshwa masale, na aliyeng'oa sale la jirani alijua ametafuta kesi. Mfumo huu ulilisha watu wengi kwenye eneo dogo mno, na hapo ndipo tatizo lilipoanza. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa sehemu mapema, na kitindamimba hubaki na nyumba ya wazazi. Wa katikati, ambao katika familia ya watoto wanane ndio wengi, huambiwa kwa lugha ya upole kwamba dunia ni pana.

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na mwanzoni mwa karne ya 20 mmoja wao, Bruno Gutmann, alifanya kazi Masama kabla ya kuhamia Old Moshi, alikokuja kuandika vitabu vinene kuhusu mila za Wachaga. Walileta shule, na pamoja nazo kalenda ya kanisa. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kahawa ikaleta fedha: chama cha wakulima cha 1925 kiligeuka chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, na malipo ya kahawa yakawa karo na mabati. Hivyo mtoto wa katikati akapata cheti, nauli na njia ya kuondokea. Kwa maoni yangu, sikukuu ya Desemba ilizaliwa hapo. Mwajiri hatoi likizo kwa kufuata mavuno ya ulezi, anatoa Krismasi. Karamu za ukoo zikahama zikafuata ruhusa ya kazini.

Wengine hutania kwamba Mchaga akienda nyumbani Desemba anakwenda kuhesabiwa. Utani huo una ukweli, maana asiyeonekana miaka mitatu mfululizo huulizwa, na sehemu yake ya kihamba huanza kutazamwa na macho mengine. Japani wana Obon, katikati ya Agosti, ambapo wakazi wa Tokyo hujaza treni kurudi kwao kuwakumbuka wafu. Mmasama angewaelewa bila mkalimani, kwani na yeye amezika kihambani. Treni ya abiria ya Dar es Salaam, iliyokuwa imesimama kwa miaka mingi, ilirudi Moshi Desemba 2019, na haikuwa bahati mbaya kwa wasafiri kwamba ilikuwa Desemba.

Jikoni, mwezi huo, kila kitu huanza na ndizi. Mchare humenywa kwa ajili ya mtori, ambao asili yake ni chakula cha mama aliyejifungua: ndizi na nyama zichemshwe hadi ziive sana, ndizi zipondwe, nyama irudishwe. Machalari ni ndizi na nyama bila kupondwa. Kiburu ni ndizi na maharage vilivyolainishwa kwa magadi, na aliyezidisha magadi hujulikana mezani kabla hajanawa mikono. Kitawa huunganisha ndizi, maharage na maziwa. Mahotelini mijini siku hizi mtori huja mwepesi kama supu ya mgonjwa. Wa Masama kijiko husimama.

Mbege ni kazi ya akina mama na haikubali haraka. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke, kisha huchujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Uchungu hutoka kwenye gome la msesewe. Mwenyeji huonja kwanza, kisha kata huzunguka kwa kufuata umri. Nyama nayo ina ngazi zake. Wanaume huchinja migombani, damu hukingwa kwa ajili ya supu ya kisusio, na kidari hakikatwi ovyo kwa sababu kina mtu wake. Kijana wa mjini akijikatia kidari akidhani ni mshikaki tu, atasikia kikohozi cha mjomba.

Jumapili, baada ya ibada ya Kilutheri, hufuata mnada nje ya kanisa: mkungu wa ndizi, kuku, boga, chupa ya maziwa. Anayenunua mkungu kwa bei ya mbuzi huurudisha unadiwe tena, na wote wanatazama nani wa Dar amefungua pochi. Ubatizo, kipaimara na harusi hupangwa wiki hizohizo, na harusini ndafu, mbuzi aliyebanikwa, huingia mzima, akiwa na majani mdomoni.

Krismasi ikipita, vijana huteremka Rundugai, kwenye chemchemi za Chemka. Maji ni vuguvugu na maangavu kiasi cha kuona mizizi ya mikuyu chini, visamaki hudonoa nyayo, na kuna kamba ya kujirusha. Maji hayo huenda mto Kikuletwa hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Wazee hawaendi, wanabaki juu kwenye kikao cha ukoo, ambako mkosaji akija na jani la sale mkononi si rahisi kumnyima msamaha.

Siku hizi kikao kina ajenda mpya. Kihamba kilichogawanywa vizazi vinne hakitoshi nyumba nyingine, na wa katikati wananunua viwanja Boma Ng'ombe na pembezoni mwa barabara kuu. Wanajenga huko nyumba za vyumba vitano, zinazofunguliwa Desemba na kufungwa Januari, na mikungu ya sikukuu hushushwa kutoka juu kwa bodaboda.