Kalkilateri ya motere: kabla ya kununua ingine, na namna ya kuifunga

Noah imezimika njiani kati ya Kasongo na Kabambare. Demarere inazungusha motere vizuri, lakini motere haiwake. Mekanisie anagusa huku na kule, mwishowe anasema: "Kalkilateri imekufa." Hapo mwenye gari anaanza kupiga simu Bukavu, Uvira, hata Lubumbashi, na pesa inatoka kwenye akiba ya nyumba. Kisanduku kinafika, kinafungwa, motere inabaki kimya. Kumbe ubaya ulikuwa kwenye waya mmoja wa masi ulioliwa na kutu.

Mambo ya namna hii yanarudi mara mingi, ndiyo maana tunaandika juu yake.

Kalkilateri ni kompyuta ndogo inayoongoza motere. Kwenye Toyota mingi inakaa ndani, nyuma ya kisanduku cha karatasi mbele ya abiria. Inasoma kapteri za mzunguko wa motere, joto la maji, hewa inayoingia na pedali, halafu inaamua enjektere zifunguke kwa muda gani na bujii zipige moto wakati gani. Si kila gari inaihitaji. Land Cruiser yenye motere 1HZ iko na pompa ya mazutu ya kimekaniki. Mtu akikuuzia kalkilateri ya enjeksyo kwa ajili ya 1HZ hiyo, tafuta garaji ingine.

Kwanza pima. Batri iliyojaa na kupumzika inaonyesha karibu volti 12.6, demarere ikizungusha isishuke sana chini ya 10. Fungua waya za masi kutoka batri hadi kwenye motere na kwenye bodi, kwangua kutu, kaza tena. Angalia fizibo na relee ya enjeksyo. Angalia pia esansi yenyewe, maana ile ya chupa za barabarani inaweza kuwa na maji.

Kisha washa kontaki bila kuzungusha motere. Taa ya motere ikiwaka, kalkilateri inapata umeme na angalau sehemu yake ingali hai. Isipowaka, usiseme bado kwamba imekufa: hakikisha taa yenyewe ni nzima na umeme unafika kwenye soketi. Kapteri mingi zinapewa volti 5 na kalkilateri. Kama volti 5 haziko, chomoa kapteri moja moja. Zikirudi baada ya kuchomoa moja, hiyo ndiyo iliyokuwa inazivuta chini, na umeokoa pesa nyingi.

Hata bila skaneri, Toyota mingi za miaka ya 1990 zinaweza kusema zenyewe. Kwenye kisanduku cha diagnostiki chini ya kapo, unganisha TE1 na E1 kwa waya mfupi, washa kontaki, hesabu taa inavyokonyeza. Kwa zile zenye soketi chini ya usukani, mara mingi ni tundu 13 na 4. Kukonyeza haraka bila kukoma maana yake haikuona kosa. Kapteri ya joto la maji inapimwa kwa multimetre: karibu omu 2000 hadi 3000 kwenye digrii 20, na 200 hadi 400 kwenye digrii 80.

Kama vyote ni vizima na kisanduku ndicho kibovu, kifungue kabla ya kukitupa. Kwenye magari ya zamani ya Japani, kondansateri zinavuja na kula njia za shaba; fundi mzuri wa redio anaweza kuzibadilisha. Isipowezekana, tafuta ya okazyo yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye kibandiko, herufi kwa herufi. Gari ikiwa na ufunguo wenye chipu, nunua kalkilateri pamoja na ufunguo wake na sehemu zake za usalama, la sivyo motere haitawaka au itazimika palepale.

Njia ya tatu ni kalkilateri ya kupangwa upya kwa ordinatere. Ziko za bei kubwa kama Haltech ya Australia, na ziko za wapenzi wa elektroniki kama MegaSquirt iliyotoka Marekani, na Speeduino inayojengwa juu ya Arduino Mega 2560. Kwa maoni yetu, hapa kwetu inafaa gari moja tu: ya esansi, ya zamani, bwati ya mkono, yenye kebo ya pedali. Bwati otomatiki ya Noah mingi inaongozwa na kalkilateri ileile ya motere. Ukiitoa, bwati inabaki bila kiongozi. Speeduino haiongozi pedali ya umeme. Na kwa Hilux ya D-4D sahau kabisa: presha ya mazutu inapita bar 1000, na enjektere zake zinadai umeme wa nguvu ambao visanduku hivyo havitoi.

Ukiamua, kifunge ndani ya gari, juu, mbali na sakafu, maana wakati wa mvua maji ya mito yanaingia kwenye miguu. Kipe relee yake na fizibo yake. Masi zote za kalkilateri ziende fasi moja kwenye motere, si kwenye bati yenye rangi. Bana waya kwa viungo vya kufaa. Waya wa kusokota kwa mkono na skoch hautamaliza wiki kwenye barabara zetu. Na kila mara unapochomelea chasi, chomoa batri na kalkilateri kwanza.

Kabla ya kuwasha, programu lazima ijue meno ya gurudumu la kapteri. Motere kama 1NZ na 1ZZ iko na nafasi za meno 36, mawili yametolewa. Motere ikiwaka, chukua taa ya kupimia avansi ulinganishe alama ya puli na digrii za ordinatere. Zisipolingana usiendeshe: avansi iliyozidi, pamoja na esansi dhaifu, inatoboa pistoni. Mchanganyiko unapimwa kwa sondi pana ya moshi, karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya esansi motere ikitembea polepole, na esansi zaidi ikibeba mzigo. Anayepanda Bukavu, karibu mita 1500 juu ya bahari, awashe marekebisho ya presha ya hewa.

Swali la mwisho uulize kabla ya kulipa: fundi akirudi mjini kwake, nani hapa anaweza kuifungua? Dai nakala mbili za faili ya mipangilio, moja kwenye simu yako na moja kwenye kadi ya memori. Kalkilateri ya zamani na soketi zake usiuze. Ziandike majina, uzifunge kwenye plastiki, uziweke nyumbani.