Kifyonza sauti: paneli za ukutani na mvumo wa chumba

Kifyonza sauti ni bamba linalotundikwa ukutani au darini ili sauti inayoligonga isirudi yote chumbani. Ndani yake mna kitu chenye vinyweleo, kama sufi ya mawe, sponji au nyuzi zilizoshindiliwa. Nje huvikwa kitambaa cha nakshi, mkeka au fito za mbao zenye mianya. Kwa kuwa linapendeza macho, wengi hulichukulia kuwa pambo tu, ingawa kazi yake ni ya masikio.

Ili kazi hiyo ieleweke ni lazima kutenganisha mwangwi na mvumo, maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Mtu akipaza sauti juu ya kilima huko Masisi, katika Kivu Kaskazini, sauti inayomrudia kutoka ng'ambo ya bonde ni mwangwi. Husikika peke yake, ikiwa imeachana kabisa na ile ya kwanza. Sauti husafiri kadiri ya mita 340 kwa sekunde, hivyo mlima ulio umbali wa mita 170 hurudisha neno baada ya sekunde moja nzima. Ndani ya darasa mambo ni tofauti. Ukuta ulio mita 8 mbele ya mwalimu humrudishia sauti yake kabla ya kupita sehemu moja ya ishirini ya sekunde, na sikio haliwezi kuitenga na ile iliyotoka kinywani. Kisha ukuta wa pili, sakafu na bati hufanya vivyo hivyo, mara nyingi mfululizo, mpaka sauti idhoofike. Mrundikano huo ndio mvumo. Wataalamu hupima muda wake kwa kuhesabu sekunde zinazopita tangu sauti ikatwe hadi nguvu yake ishuke mara milioni moja.

Mvumo mrefu hauzuii sauti kusikika. Unachoharibu ni maneno. Irabu zina nguvu na hudumu, ilhali konsonanti kama s, f, k na t ni hafifu na hupita upesi, basi mkia wa irabu iliyotangulia huzifunika. Katika Kiswahili hasara yake ni kubwa, kwa sababu silabi moja inaweza kugeuza agizo zima. Tangazo lisemalo "msipite barabara ya Sake" likipoteza si, msikilizaji anabaki na "mpite". Katika wilaya za Masisi na Walikale, ambako watu hutegemea redio na mikutano ya hadhara kujua njia ipi iko salama, kosa la aina hiyo linaweza kugharimu maisha. Kuongeza nguvu ya bafle, yaani spika, hakusaidii, maana mvumo nao hupanda kwa kiasi kilekile. Makanisa mengi hununua sono (mitambo ya kupaza sauti) kubwa zaidi, na waumini wa nyuma wakaendelea kusikia kelele badala ya mahubiri.

Elimu ya jambo hili ina mwanzo unaojulikana. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimwomba mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, arekebishe ukumbi wa mihadhara wa jumba la sanaa la Fogg, ambamo neno moja lilidumu kwa sekunde zaidi ya 5. Sabine alifanya kazi usiku, kukiwa kimya, akitumia bomba la kinanda na saa, huku akiingiza mito ya viti iliyoazimwa kutoka ukumbi mwingine wa chuo na kupima tofauti. Akagundua kanuni ambayo bado inatumika: muda wa mvumo ni ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, ukizidishwa kwa 0.161, kisha ukigawanywa kwa jumla ya ufyonzaji wa nyuso zote. Ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa mwaka 1900 ulijengwa kwa ushauri wake.

Ufyonzaji wa kila uso hutajwa kwa namba kati ya 0 na 1. Dirisha lililo wazi ni 1, kwa kuwa sauti inayotoka hairudi. Saruji laini ni karibu na 0.02. Eneo la uso likizidishwa kwa namba yake, jibu ni mita za mraba za ufyonzaji. Kipimo hicho kimataifa hubeba jina la Sabine, lakini kulitohoa kwa Kiswahili kungeleta "sabini", na hesabu isemayo "sabini kumi na tano" ingemchanganya fundi yeyote. Heri kusema mita za mraba za ufyonzaji, jina refu lakini lisilo na utata.

Tuchukue darasa la matofali ya saruji lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 144, na nyuso zake zote ni mita za mraba 180. Kama wastani wa ufyonzaji ni 0.05, jumla ni mita za mraba 9 za ufyonzaji, na mvumo wa chumba kikiwa kitupu ni sekunde 2.6 hivi. Kiwango cha Marekani kwa madarasa ya ukubwa huo, yakiwa hayana watu, ni sekunde 0.6. Vifyonza vyenye namba 0.8 vikitandazwa kwenye mita za mraba 20 za ukuta, mvumo hushuka hadi karibu sekunde 1. Vikitandazwa kwenye mita 40, unafika 0.6. Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini vibamba viwili vitatu vilivyowekwa nyuma ya meza ya mkuu wa shule havibadilishi kitu: sikio hufuata eneo, wala si uzuri wa nakshi. Inaeleza pia kwa nini ukumbi uliojaa watu husikika vizuri kuliko ukumbi mtupu. Nguo na miili ni vifyonza.

Hapa ujenzi wa Masisi na Walikale una la kufundisha. Nyumba nyingi za huko, na makanisa na shule pia, ni za mbao. Ubao mwembamba uliopigiliwa kwenye nguzo, ukiwa na nafasi nyuma yake, hutikisika sauti nzito inapougonga na kuila sehemu ya nguvu yake. Mianya kati ya mbao nayo hutoa sauti nje. Paa la majani mapana ya msituni hufyonza sauti nyembamba. Vyumba hivyo havivumi sana. Mvumo uliingia pamoja na saruji, vigae, vioo na bati, vifaa ambavyo watu wana haki ya kuvitaka kwa uimara wake, lakini vinavyorudisha karibu sauti yote. Kifyonza sauti hurudisha ukutani ile sifa iliyoondoka na ubao na majani.

Kuhusu jina, machaguo ni kadhaa. "Paneli ya akustika" inaeleweka kwa wasomi, na neno paneli limezoeleka Kenya na Tanzania kwa sababu ya umeme wa jua. Upande wa Kongo watu husema "pano", kutoka Kifaransa, wakimaanisha paneli ya jua au hata kibao cha barabarani. Jina lenye "akustika" halimwambii mnunuzi bamba linafanya nini. "Kizuia sauti" linasema uongo, kama itakavyoonekana hapa chini. "Kifyonza sauti" limejengwa kama "kifyonza vumbi", neno linalotumika tayari, na linataja kazi yenyewe. Likihitajika jina la umbo, "paneli ya kufyonza sauti" inatosha.

Kifyonza hakizuii sauti kupita. Kinapunguza kinachorudi ndani ya chumba kilekile, basi jenereta ya jirani au mvua kubwa ya Walikale juu ya bati itasikika karibu kama kawaida. Kuzuia sauti kunataka uzito na kuziba nyufa: ukuta mnene, mlango uliokaza, dari ya pili chini ya bati. Studio ya redio ya jamii inahitaji vyote viwili, na fundi anayeuza kimoja kwa jina la kingine anamdhulumu mteja.

Unene ni jambo la pili ambalo wanunuzi hupuuza. Hewa hutikisika kwa kasi zaidi kwenye umbali wa robo ya wimbi kutoka ukutani, na hapo ndipo nyuzi hufanya kazi vizuri. Kwa sauti ya mitikisiko 1,000 kwa sekunde robo hiyo ni sentimita 8.5, na kwa mitikisiko 100, eneo la ngoma na gitaa la besi, ni sentimita 85. Bamba la sentimita 2 husafisha s na f, likaiacha besi ivume. Dawa ya bei nafuu ni kuacha nafasi ya hewa: bamba la sentimita 5 lililotengwa na ukuta kwa sentimita 5 hukaribia kufanya kazi ya la sentimita 10. Trei za mayai zinazopachikwa katika studio nyingi ndogo ni nyembamba na nyepesi mno, na hufyonza kidogo sana.

Kitambaa cha juu lazima kipitishe hewa. Kipimo chake ni kukiweka mdomoni na kupuliza: pumzi ikipita, sauti itapita. Vitenge vingi hufaa. Turubai na ngozi bandia havifai, na rangi ya ukutani ikipakwa juu ya bamba huziba vinyweleo. Mkeka uliosukwa kwa uwazi huvutia zaidi na kufanya kazi sawasawa, mradi nyuma yake pawe na kijazo. Blanketi kuukuu zilizokunjwa mara kadhaa ndani ya fremu ya mkaratusi ni kijazo cha kweli, hasa pale ambapo sufi ya mawe haifiki.

Sponji ya magodoro iepukwe. Mwaka 2003, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, fataki ziliwasha sponji iliyobandikwa kwenye kuta za klabu ya muziki, na watu 100 wakafa. Katika chumba chenye mshumaa, jiko au nyaya zilizoungwaungwa, kijazo kisichoshika moto, kama sufi ya mawe, ndicho cha kutafutwa kwanza. Unyevu wa misitu ya Walikale nao hutaka ile nafasi ya nyuma iachwe wazi juu na chini ili hewa ipite, na fremu ining'inizwe kwa ndoano badala ya kugundishwa, iweze kuteremshwa na kuanikwa juani kuvu inapoanza kuonekana.