Malengelenge ya miguuni: Ukihisi moto kisiginoni, simama hapohapo

Daladala ya Kisarawe kutoka Gongo la Mboto inakufikisha karibu kabisa na Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kwa mkazi wa Dar es Salaam, kutembea msituni kwa siku moja kunawezekana bila gharama kubwa. Maji watu wanabeba, kofia wanabeba, simu imejaa chaji. Kinachosahaulika ni miguu.

Na mguu ndio unaoharibu safari. Lengelenge likitoka katikati ya msitu, huwezi kupiga simu bodaboda ikufuate kwenye njia ya miguu. Unarudi unachechemea.

Linatokeaje?

Wengi wanadhani kiatu kinakwangua ngozi kwa juu. Huo ni mchubuko. Lengelenge linaanzia ndani: kila unapopiga hatua, mfupa wa kisigino unasogea huku ngozi ikiwa imenata kwenye soksi na kiatu. Nyama laini iliyo katikati inavutwa huku na huku. Ikivutwa mara nyingi, tabaka za ngozi zinaachana na maji yanajaa kwenye uwazi huo. Matembezi ya kilomita 10 ni zaidi ya hatua 6,000 kwa kila mguu, kwa hiyo nafasi ya kuvutwa ipo ya kutosha.

Jasho linaongeza tatizo kwa sababu ngozi yenye unyevu inanata zaidi kuliko ngozi kavu. Na joto la Pwani tunalijua.

Mahali unapotembea nako kuna maana. Kisarawe kuna vilima: ukipanda, kisigino ndicho kinachoumia, na ukishuka, vidole vinagonga mbele ya kiatu. Upande wa Kibaha, njia nyingi za vijijini ni tambarare lakini zina mchanga, na mchanga ukiingia ndani ya soksi unafanya kazi ya msasa. Vua kiatu ukung'ute. Usijipe moyo kwamba utautoa mkifika.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Kiatu kipya kisivaliwe kwa mara ya kwanza siku ya safari. Kivae nyumbani, sokoni, kazini, angalau kwa siku kadhaa. Nunua jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo mchana kutwa, na acha nafasi kama upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya vidole vyako.

Raba za mtumba si mbaya, nyingine ni imara kuliko mpya za bei rahisi. Ila ingiza mkono ndani upapase sehemu ya kisigino: kama kitambaa kimechanika au kuna kitu kigumu kinachochoma, achana nazo hata kama bei inavutia. Soli ya ndani iliyobonyea kwa umbo la mguu wa mwenzako, itoe uweke nyingine.

Soksi za pamba tupu zinashika jasho. Soksi ndefu za mpira wa miguu, ambazo nyingi ni za nailoni au poliesta, zinafaa zaidi, na zinasaidia kuzuia mchanga. Ukivaa nyembamba ndani na nene juu, soksi zinasuguana zenyewe badala ya kuvuta ngozi. Beba jozi ya kubadilisha.

Kama una sehemu inayokusumbua kila safari, ibandike plasta ya karatasi mapema, ile nyepesi nyeupe ya kushikilia pamba au bandeji. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya kuijaribu kwa wakimbiaji 128 wa mbio za jangwani za takriban kilomita 250: malengelenge yalipungua kwa asilimia 40. Ni kitu cha bei ndogo, na kinapatikana famasi.

Njiani

Kabla ya lengelenge kutoka, ngozi hutoa taarifa: sehemu moja inakuwa ya moto na inawasha kidogo. Hapo ndipo pa kusimama. Wengi hawasimami kwa sababu wanaona aibu kuchelewesha kundi, kisha saa moja baadaye kundi zima linawasubiri. Vua kiatu, kausha mguu, bandika plasta bila mikunjo, badilisha soksi, funga kamba upya. Ni dakika tano tu.

Likishatoka

Dogo lisilouma sana, liache. Ngozi iliyolifunika ni bandeji bora kuliko ya dukani. Lifunike tu lisisuguliwe.

Likiwa kubwa, linauma na huwezi kukanyaga, linaweza kutobolewa. Nawa mikono kwa sabuni, safisha lengelenge kwa spiriti au iodini, tumia sindano mpya iliyofungwa, toboa pembeni karibu na chini, kamua taratibu. Usiikate ngozi ya juu. Paka mafuta ya mgando, funga bandeji safi na ibadilishe kila siku. Lenye damu ndani usilitoboe.

Sindano moja isizunguke kundi zima. Virusi vya Ukimwi na homa ya ini vinaweza kupita hapo. Kuichoma kwa kiberiti pia si usafi, inabaki na masizi. Na dawa ya meno, majivu au mafuta ya taa kwenye kidonda havitibu, vinachafua.

Lililopasuka lenyewe lioshe kwa maji safi na sabuni. Kama udongo umeingia na hukumbuki lini ulichanjwa pepopunda, uliza kituo cha afya.

Nani asijitibu mwenyewe?

Mwenye kisukari. Ganzi ya miguu inaweza kumfanya asihisi lengelenge kabisa, na kidonda kidogo kwake kinaweza kuishia kukatwa mguu. Asitoboe, aende hospitali hata kama haumwi.

Kwa wengine, dalili za hatari ni maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, uvimbe, joto, usaha, homa au mtoki. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo usiusubiri. Kisarawe kuna hospitali ya wilaya. Kibaha kuna Tumbi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani.

Lisipopata maambukizi, maji hunywea yenyewe ndani ya siku chache na ngozi ya juu hukauka na kubanduka ikiwa tayari. Kwa siku hizo, ndala zinatosha.