Wae Rebo, Kijiji cha Nyumba Saba

Wahenga wa pwani walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo yafaa kutangulizwa mbele ya habari za Wae Rebo, kijiji kidogo cha wakulima katika milima ya Manggarai, magharibi ya kisiwa cha Flores, nchini Indonesia. Atazamaye kutoka mbali huona mapaa saba ya nyasi yaliyochongoka, yamepangika kuuzunguka uwanja wa majani mabichi, misitu imeyakumbatia pande zote, na mawingu huyateremkia asubuhi na jioni. Picha hiyo imeenea duniani. Lakini historia ya kijiji imo ndani ya mapaa hayo, na ndani hakuonekani kwa mbali.

Wae Rebo iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,000. Gari haifiki. Barabara hukomea upande wa kijiji cha Denge, na kutoka hapo safari ni ya miguu, mlima kwa mlima, ndani ya msitu, kwa muda wa saa kadhaa. Kila kisichoota huko juu, iwe chumvi, sabuni au msumari, hupandishwa mabegani. Na kila kiuzwacho, kahawa kwanza, huteremshwa mabegani vilevile.

Wazee wa kijiji hujinasibisha na babu aitwaye Maro, ambaye masimulizi yao yasema alitoka Minangkabau, katika kisiwa cha Sumatra, akavuka bahari hadi Flores, akahama huku na huku kabla ya kutua mahali hapo. Tangu siku hizo wao huhesabu karibu vizazi 20. Msomaji wa pwani, aliyelelewa kwa hadithi za majahazi ya Shirazi, hatashangazwa na babu atokaye ng'ambo. Masimulizi kama hayo hayaulizwi tu kama ni ya kweli. Huulizwa pia yafanya kazi gani. Kwa watu wa Wae Rebo, habari za Maro ndizo hati ya ardhi, na ndizo sababu ya miiko. Hadi leo hawali nyama ya ngawa, nao huufungamanisha mwiko huo na safari ya babu yao.

Nyumba yenyewe huitwa mbaru niang. Ni ya duara, na paa lake huteremka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, hata ukuta usionekane. Kubwa kupita zote ina kimo cha karibu mita 15. Hiyo ndiyo nyumba ya ngoma: humo hutundikwa ngoma na matoazi ya urithi, humo wazee hukutana, na humo mgeni huingizwa kwanza, akapokewa na kuombewa kwa mizimu, kabla hajaruhusiwa kupiga picha yoyote. Jamaa nane huishi humo. Katika kila moja ya nyumba nyingine huishi jamaa sita. Mbele ya nyumba ya ngoma, uwanjani, kuna jukwaa la mawe liitwalo compang, mahali pa kafara.

Ndani kuna sakafu tano, moja juu ya nyingine. Ya kwanza ni ya watu, na katikati yake mna mafiga. Ya pili, lobo, ni ghala la chakula na vyombo. Ya tatu, lentar, huwekwa mbegu za msimu ujao. Ya nne, lempa rae, huwekwa akiba ya mwaka wa ukame au mavuno mabaya. Ya tano, hekang kode, iliyo kileleni, ni ya sadaka za wahenga. Mpango huo wasomeka kama msahafu wa mkulima: walio hai chini, wajao katika mbegu, waliotangulia juu kabisa, na kati yao akiba, ambayo haiozi. Mbao na mianzi havikupigiliwa misumari; vimefungwa kwa henzirani. Paa ni la nyasi na nyuzi za mti wa jamii ya mitende. Moshi wa mafiga hupanda sakafu kwa sakafu, ukikausha mbegu, ukiwafukuza wadudu na kuuhifadhi mti. Moto ukizimika kwa muda mrefu, nyumba huanza kuoza.

Nyumba hii haisimami bila shamba. Wamanggarai wana msemo wenye maana kwamba nyumba ya ngoma iko ndani, na shamba la ukoo liko nje. Hakuna moja pasipo la pili. Kwa kawaida yao ya kale, shamba la ukoo, lingko, hugawanywa kutoka kitovu kimoja, lodok, panaposimikwa mti. Kutoka hapo mipaka hutawanyika kama miale ya jua au nyuzi za utando wa buibui, na sehemu ya kila jamaa hupimwa kwa upana wa vidole pale kitovuni. Vidole vichache katikati huwa uwanja mpana ukingoni. Atazamaye paa la mbaru niang toka chini, mahali fito zinapokutana kileleni, huona umbo lilo hilo. Shamba ni nyumba iliyolazwa chini, nyumba ni shamba lililosimamishwa.

Zamani nyumba za namna hii zilikuwa nyingi katika Manggarai. Nchi hiyo iligombaniwa na masultani wa Goa na wa Bima, kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, Waholanzi wakaitia mkononi, na wamishenari Wakatoliki wakawafuata. Watawala waliziona nyumba kubwa za duara kuwa ni za giza na moshi, zenye kudhuru afya, wakawahimiza watu kujenga vibanda vya pembe nne. Baada ya uhuru fikra hiyo haikuondoka pamoja na Waholanzi. Mahali pengi nyumba za duara zikatoweka. Wae Rebo iliponea kwa umbali wake tu, na hata huko kuponea kwenyewe kulikuwa nusu nusu.

Mwaka 2008 wasanifu majengo kutoka Jakarta, wakiongozwa na Yori Antar, walipanda hadi kijijini. Katika nyumba saba za asili walikuta nne, na baadhi ya hizo zimechakaa. Hatari haikuwa katika miti iliyooza, kwani msitu ulikuwako. Hatari ilikuwa katika elimu: wajuao kujenga walikuwa wazee, na kizazi kilichowafuata hakikuwahi kuinua mbaru niang kutoka msingi hadi kilele. Fedha zikatafutwa nje, lakini mikono ikawa ya wanakijiji wenyewe, wazee wakielekeza na vijana wakifunga henzirani, huku wanafunzi wa usanifu wakiandika kila hatua. Nyumba saba zikasimama tena. Mwaka 2012 kazi hiyo ilipewa na UNESCO tuzo ya juu kabisa ya hifadhi ya urithi katika Asia na Pasifiki, na mwaka 2013 iliorodheshwa miongoni mwa kazi zilizoshindania Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo.

Tuzo zilileta wageni, na wageni walileta fedha, pamoja na swali jipya. Watoto wa Wae Rebo husoma bondeni, katika kijiji pacha cha Kombo, na huko hukulia katika nyumba za kawaida. Mgeni hulala usiku mmoja, hunywa kahawa, hushuka. Mwaka 2020, maradhi yalipozifunga njia za dunia, ilidhihirika tena kwamba mgeni ni riziki isiyokuwa na msimu maalumu. Kahawa na viazi vina msimu.

Kwa hiyo kila Novemba, wakati wa penti, sikukuu ya shukrani na ya mwaka mpya, waliotawanyika hupanda mlima kurudi nyumbani. Ngoma hushushwa, wanaume hucheza caci, mchezo wa mijeledi na ngao, na wahenga husemezwa kwa maneno ya jozi, fungu likijibiwa na fungu, kwa lugha ambayo kijana hawezi kuijua asipoisikia papo hapo. Fundi wa Jakarta aliweza kusaidia kuinua nguzo. Maneno hayo, na mbegu ya sakafu ya tatu, ni juu ya wenyewe kuyapandisha.