Bagi kuukuu la ufukweni: Tazama sakafu kabla ya rangi

WANUNUZI wengi wa mabagi makuukuu ya ufukweni hudanganywa na macho yao. Huiona bodi iliyopauka na kupasuka, wakakata tamaa; au huiona imepakwa rangi inayong'aa, wakatoa pesa papo hapo. Wote huwa wametazama pasipofaa.

Bodi ya gari hili ni faibaglasi, nayo haishiki kutu kamwe. Kinachooza ni sakafu ya chuma iliyofichika chini yake, ambayo aghalabu ni ya Volkswagen Beetle.

Asili yake ni California, Marekani, ambako Bruce Meyers, aliyekuwa na ujuzi wa kuunda mashua, alitengeneza bagi lake la kwanza mnamo 1964. Magari ya awali yalikuwa na gharama kubwa, hivyo akabuni bodi ya kuketishwa juu ya sakafu ya Beetle iliyokatwa na kufupishwa kwa takriban sentimita 36.

Mnamo 1967, yeye na Ted Mangels walikata jangwa la Mexico kati ya La Paz na Tijuana kwa muda usiozidi saa 35. Waigaji wakazuka kila pembe ya dunia. Meyers alifariki mwaka wa 2021.

Humu nchini Beetle si mgeni, kwani ilishinda mashindano ya Safari Rally mnamo 1954, 1957 na 1962.

Anayetaka kununua na abebe bisibisi, kisha alale chini ya gari bila kuona haya. Adunge chini ya mahali pa betri, upande wa kulia nyuma, ambapo asidi hudondoka na kula chuma. Adunge kingo ambapo bodi hufungwa kwa bolti. Halafu akague kichwa cha fremu, pale ekseli ya mbele inaposhikizwa.

Muhimu zaidi ni mshono wa pale sakafu ilipofupishwa. Ukichomelewa vibaya, gari linaweza kukatika vipande viwili likiwa mwendoni.

Vibati vya sakafu vya kushoto na kulia hubadilishwa bila taabu kubwa. Uti wa kati na kichwa cha fremu ni jambo jingine. Bisibisi ikizama humo, bei na iwe ya vyuma chakavu, la sivyo mnunuzi aende zake.

Gari lililokaa Pwani lioshwe kwanza kwa maji yasiyo ya chumvi, hasa ndani ya mashimo na mikunjo. Kisha bodi ifunguliwe na kuinuliwa. Watu wanne wataimudu. Tangi la petroli, ambalo huwa mbele, liondolewe na betri ifunguliwe kabla ya cheche yoyote kuruka.

Kibati kimoja kikatwe na kuchomelewa hadi mwisho kabla ya kuugusa upande wa pili, ili fremu isipinde. Bolti na vifaa vidogo vilazwe ndani ya siki usiku kucha, visuguliwe kwa brashi ya waya, visuuzwe kwa maji ya magadi, vikaushwe na kupakwa oili. Siki haigharimu pesa nyingi.

Mahali pa kutobania ni breki na mipira ya petroli. Injini ya Beetle iko nyuma, na mpira uliozeeka ukipasuka humwaga petroli juu ya chuma cha moto. Magari mengi ya aina hii yameteketea kwa kosa hilo. Rahisi ni ghali.

Injini yenyewe hupozwa kwa hewa. Baadhi ya wenye mabagi huvua mabati yanayoifunika ili ionekane na kupendeza, wakasahau kwamba mabati hayo ndiyo huielekeza hewa ya feni kwenye silinda. Yarudishwe yote. Oili yake ni lita 2.5 tu, kwa hivyo ipimwe mara kwa mara, na nafasi ya vali iwekwe milimita 0.15 injini ikiwa baridi.

Nyufa za bodi huzibwa kwa mkeka wa faibaglasi na gundi yake, kazi wanayoijua vyema waundaji wa mashua za aina hiyo. Anayepiga msasa avae barakoa, maana vumbi lake hudhuru mapafu. Rangi huja mwisho, pesa zikibaki.

Kabla ya hayo yote, sugua taratibu juu ya uti wa kati, chini ya kiti cha nyuma. Hapo ndipo nambari ya chesisi ilipogongwa, na sharti iwiane na ile iliyo katika kitabu cha umiliki. Fundi akiikata au kuizika chini ya rangi nzito, mwenye gari atakuwa na kibarua kigumu kuthibitisha kwamba gari ni lake.