Anayetangulia Kuona Usingizi Umetoweka

Mara nyingi kabla wazimu wa furaha haujamrudia mwenye ugonjwa wa baipola, usingizi ndio hutangulia kuondoka. Saa nane za usiku yuko uani anafagia, saa tisa anawapigia watu simu, na alfajiri hana hata chembe ya uchovu. Familia za Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, zilizijua dalili hizi kabla saa janja haijafika mikononi mwa watu. Kilichowashinda ni pa kuzipeleka.

Zamani pa kuzipeleka palikuwa mbali mno. Huko Lutindi, kwenye milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na kuanzia 1904 wakapokea wagonjwa wa akili. Mwaka 1927, enzi za Waingereza, ikafuata hospitali ya Mirembe, Dodoma. Mtu wa Kigamboni alivuka maji hadi mjini, kisha akapanda treni ya Reli ya Kati kwa zaidi ya kilomita 400. Nani angefunga safari hiyo kwa sababu tu kijana wake halali? Watu walipelekwa mambo yakiwa yameshaharibika.

Baada ya uhuru huduma zilisogea. Vilianzishwa vijiji ambamo wagonjwa walilima na kufuga wakijiandaa kurudi kwao; Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ina kituo cha namna hiyo Vikuruti, Chamazi, upande wa Temeke. Miaka ya 1980 mpango wa taifa, ukisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark, ulianzia Morogoro na Kilimanjaro kupeleka huduma hizi hadi zahanati.

Dawa nazo zilikuwa zimebadilika. Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alitangaza kuwa lithiamu hutuliza wazimu wa furaha, na baadaye ikathibitika kwamba huuzuia usirudi. Ila humlazimu mgonjwa kupimwa damu mara kwa mara, na kwenye joto la pwani, anayetoka jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha anaweza kudhurika nayo.

Sasa zamu ya kukesha inaangukia vifaa vya mkononi. Mwaka 2024 watafiti wa Korea Kusini walieleza jinsi walivyofuatilia usingizi wa wagonjwa 168 wa maradhi ya hisia: saa ya mwili ikichelewa, sonona hukaribia, ikiwahi, wazimu wa furaha. Huko Boston wengine walitumia vifaa vya mkononi vya Fitbit kwa wagonjwa 54 wa baipola, kwa miezi tisa, wakatambua vipindi vya dalili kwa usahihi wa kutia moyo.

Lakini usiku wa Kigamboni si wa Boston. Mvuvi wa dagaa hukesha baharini wakati wa giza, mwezi usipoonekana, na Ramadhani nyumba nzima huamka kula daku. Kifaa kisichofundishwa mambo haya kitapiga kelele bure, na kelele za bure huzoeleka.

Hata onyo la kweli linahitaji mtu wa kulipokea. Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016, limefupisha njia ya kwenda Temeke na Muhimbili, na Vijibweni, hukohuko Kigamboni, kuna hospitali. Kwa hiyo, ndugu yako mwenye ugonjwa huu akikesha usiku wa pili mfululizo bila kuchoka, awe na saa au hana, mpeleke kwa daktari asubuhi hiyohiyo.